Dokezo la Februari

Jumamosi usiku, tarehe 24 Septemba 1977, mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse ulikuwa bado mpya. Umejengwa kando ya Ziwa Erie, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na usiku huo ulikuwa ukiendeshwa kwa asilimia 9 tu ya nguvu zake. Mara maji yanayolisha majenereta ya mvuke yakakatika. Presha kwenye kinu ikapanda, na vali ya kupumulia ikafunguka kama ilivyokusudiwa. Ikafunga, ikafunguka tena, ikafunga. Kwenye saketi yake kulikosekana relei moja ambayo ilipaswa kuwekwa, basi vali ikawa inapigapiga kama mlango uliosahauliwa kwenye upepo. Ilipofika mara ya tisa ikakwama wazi.

Kuanzia hapo maji ya kupoza kinu yakawa yanatoka kwa tundu hilo, na waliokuwa zamu hawakujua. Walichokiona ni mishale miwili inayopingana: presha inashuka, lakini kina cha maji kinapanda. Pampu za dharura zilikuwa zimejiwasha zenyewe na kuanza kusukuma maji ndani. Wao wakaona maji yamezidi, wakazizima. Zilipita kama dakika 20 kabla ya mmoja wao kutambua kuwa vali imekwama, wakafunga vali nyingine iliyo nyuma yake, na kinu kikatulia. Kwa nguvu ya asilimia 9 hakikuwa na joto la kutisha. Hakuna kilichoharibika.

Aliyewahi kupika maharage kwenye sufuria ya presha anaweza kulielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Inua ule uzito wa juu kabla ya wakati wake: presha inashuka ghafla, maji yaliyokuwa yametulia yanachemka kwa fujo, povu linapanda mpaka kwenye mfuniko na kurukia ukutani. Mtu anayechungulia juu tu ataapa kuwa sufuria imejaa. Kumbe maji yanapungua, na maharage ya chini yanakaribia kuungua.

Kinu cha aina ile ni sufuria ya presha kubwa mno. Maji yanayozunguka kwenye fito za fueli hayaruhusiwi kuchemka, yanabanwa kwa presha. Pembeni kuna tangi refu lililosimama wima ambalo nusu yake ni maji na nusu mvuke, na mvuke huo wa juu ndio godoro linalolainisha presha isipande wala kushuka kwa kishindo. Vali ya kupumulia imekaa juu kabisa ya tangi hilo. Ikikwama wazi, maji ya mfumo mzima hukimbilia huko, tangi likajaa, na huku kwenye fueli mvuke ukachukua nafasi ya maji. Na ndani ya kinu chenyewe hakukuwa na kipimo cha kuonyesha kina cha maji. Watu walisoma kina cha tangi, wakachukulia kuwa kikijaa kile, chote kimejaa.

Zaidi ya hapo, walikuwa wamefundishwa kuogopa kosa la upande wa pili. Wengi wa waendesha vinu wa Marekani walitoka jeshi la wanamaji, kwenye nyambizi za nyuklia, na huko moja ya amri ilikuwa hii: usiache tangi lijae maji pomoni ukapoteza godoro lako la mvuke. Kwa hiyo waliozima pampu pale Davis-Besse hawakuwa wazembe. Walifanya walichofundishwa.

Kinu kile kilibuniwa na kuuzwa na kampuni ya Babcock & Wilcox, ambayo wahandisi wake wa nyuklia walikuwa na makao Lynchburg, Virginia. Kampuni ikamtuma mhandisi wake, Joseph Kelly, akachunguze. Aliporudi aliwasimulia wenzake, na mmoja wa waliosikiliza akakosa raha. Huyu ni Bert Dunn, mkuu wa kitengo kilichopiga hesabu za mifumo ya kupoza kinu wakati wa dharura. Vali iliyokwama haikumsumbua sana, kwani vali hukwama. Kilichomkosesha usingizi ni mkono uliozima pampu.

Tarehe 1 Novemba 1977 Kelly aliandika dokezo kwa wakubwa kadhaa wa kampuni. Alieleza kilichotokea Ohio, akauliza kama wateja wengine wenye vinu vya aina hiyo wamepewa maelekezo ya kutosha, akapendekeza wakatazwe kuzima pampu za dharura mapema. Siku chache baadaye akapata jibu moja, kutoka kwa mhandisi wa upande wa huduma kwa wateja: waendeshaji walifanya sawasawa, na ukifuata pendekezo hili mfumo utajaa maji mpaka presha ifungue vali nyingine. Si jibu la mjinga. Hatari aliyoitaja ipo kweli. Ila aliweka kwenye mizani moja hasara ya vali na mabomba na hasara ya kiini cha kinu, akazisoma kama zina uzito mmoja.

Dunn akaona bora aandike mwenyewe. Dokezo lake ni la tarehe 9 Februari 1978, na alilielekeza kwa meneja wa kitengo cha leseni, yaani watu wanaoshughulika na serikali. Halikuwa na lugha ya kuzungukazunguka. Alisema tukio lile lingetokea kinu kikiwa na nguvu zake zote, ilikuwa inawezekana, na pengine ndilo lingetarajiwa, fueli ibaki bila maji na kuharibika. Akataka maelekezo kwa wateja yabadilishwe haraka. Wiki moja baadaye, tarehe 16, akaandika tena baada ya kujadiliana na wenzake na kulegeza kidogo kanuni aliyopendekeza, ili wale wanaoogopa tangi kujaa nao waridhike.

Siku moja tu kabla ya dokezo la kwanza la Dunn, tarehe 8 Februari, serikali ilikuwa imetoa leseni ya kuendesha kinu kingine cha kampuni hiyohiyo, kwenye kisiwa katikati ya mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania. Mahali hapo panaitwa Three Mile Island, na kinu chenyewe ni namba 2.

Sheria ilikuwepo. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyovunja tume ya zamani ya atomiki na kuunda Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, na kifungu chake cha 206 kilimbana kila mkurugenzi na afisa mwenye dhamana katika kampuni inayojenga vinu au kuuza vipuri vyake: akijua kuna kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa ya usalama, aiarifu tume mara moja. Akijua na kunyamaza, atatozwa faini. Kanuni za kutekeleza kifungu hicho, zinazofahamika kama Sehemu ya 21, zilitolewa mwaka 1977, mwaka uleule wa Davis-Besse.

Lakini kasoro ni nini? Nadhani hapa ndipo kisa kizima kilipokwama. Mhandisi akikuta ufa kwenye bomba anajua ameona kasoro, anaweza kuupima, kuupiga picha, kuujazia fomu. Dunn hakuwa na ufa. Vali ilishatengenezwa, relei ikawekwa, na kila chuma Ohio kilikuwa mahali pake. Ubovu ulikuwa kwenye kurasa za maelekezo na kwenye vichwa vya watu waliozikariri. Kitu cha namna hiyo hakina namba ya kipuri, na pale Lynchburg hakuna aliyekipeleka kwa tume kama kasoro.

Basi dokezo likaanza safari ambayo yeyote aliyewahi kufuatilia faili ofisini anaijua. Dunn aliamini sasa maelekezo yatatoka, maana ameshawaandikia wahusika. Meneja wa leseni aliona suala ni la maelekezo kwa wateja, na hilo ni la idara ya huduma. Idara ya huduma ilikuwa bado na wasiwasi wake uleule wa tangi kujaa. Miezi ikapita. Mwezi Agosti 1978 mkuu mmoja wa idara hiyo, Donald Hallman, akaandika dokezo jingine, akaambatanisha yale ya Dunn, akamwomba meneja wa kitengo kingine aamue nani yuko sahihi. Meneja huyo alisema baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi, kwamba aliliona kama jambo la kawaida la ofisini. Hakujibu kwa maandishi. Aliulizwa kwa mdomo zaidi ya mara moja, na bado mwaka ukaisha bila waraka kutoka.

Nje ya Lynchburg kulikuwa na wengine walioona. Carl Michelson, mhandisi wa shirika la umeme la bonde la Tennessee, alikaa na karatasi zake akakokotoa nini kitatokea iwapo kinu cha aina ile kitavuja kwa tundu dogo. Wataalamu wengi wakati huo walikuwa wameshughulishwa na balaa kubwa, bomba nene kukatika vipande viwili. Michelson alionyesha kuwa tundu dogo lina hila yake: kina cha maji kwenye tangi kinaweza kumdanganya anayekisoma. Ripoti yake ilifika Babcock & Wilcox mwaka 1978, na jibu likatoka Januari 1979, bila haraka yoyote.

Upande wa serikali alikuwepo James Creswell, mkaguzi wa tume katika kanda ya Chicago. Davis-Besse ilikuwa chini ya macho yake, na kila alipozidi kuisoma taarifa ya Septemba 1977 ndivyo alivyozidi kuuliza. Wakubwa wake hawakuona sababu ya kupaza sauti. Januari 1979 aliandika dokezo akitaka wanaoamua leseni za vinu vingine nao wajulishwe. Alipoona mambo yanasuasua, akaruka ngazi zote. Tarehe 22 Machi 1979 aliketi na makamishna wawili wa tume, Peter Bradford na John Ahearne, akawaeleza ana kwa ana. Mtumishi wa ngazi yake kuruka mabosi wote wa kati na kwenda kugonga kwa kamishna si jambo dogo katika serikali yoyote. Wakamsikiliza. Ilikuwa Alhamisi.

Jumatano iliyofuata, tarehe 28 Machi, saa 10 alfajiri, Three Mile Island namba 2 ilikuwa ikiendeshwa kwa asilimia 97 ya nguvu zake. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu siku kinu hicho kilipowashwa kwa mara ya kwanza.

Mafundi walikuwa wakihangaika na chujio la maji lililoziba. Pampu za kulisha majenereta ya mvuke zikazimika. Presha ikapanda, vali ya kupumulia ikafunguka, kinu kikajizima chenyewe ndani ya sekunde chache. Vali ikakataa kufunga. Kwenye meza ya udhibiti taa yake ikazimika, na taa ikizimika maana yake imefungwa. Hivyo ndivyo walivyoamini. Ukweli ni kwamba taa ile ilifuata umeme unaoiamuru vali, haikujua kama vali imetii. Ilikuwa imewekwa mwaka uliotangulia, baada ya vali hiyohiyo kuleta matatizo siku za mwanzo za kinu.

Ving'ora zaidi ya 100 vililia katika dakika za kwanza, na hapakuwa na namna ya kunyamazisha visivyo na maana vikabaki vyenye maana. Mashine ya kuchapa taarifa za kompyuta ilizidiwa ikawa inatoa habari zilizokwisha kupitwa na wakati. Vali mbili za maji ya akiba, zilizofungwa siku mbili kabla wakati wa majaribio, zilikuwa bado zimefungwa, na kibao cha karatasi kinachoning'inia kwenye swichi nyingine kilikuwa kimefunika mojawapo ya taa zake. Hilo waligundua baada ya dakika nane. Tangi lililokuwa likipokea maji ya vali iliyokwama lilijaa likapasua kizibo chake, na kipimo chake kingeweza kuwaambia yote, ila kilifungwa nyuma ya paneli, mahali ambapo aliyesimama mbele hakioni. Joto la bomba lililo baada ya vali lilikuwa juu. Hilo waliliona. Lakini vali ilikuwa imevuja kidogokidogo kwa wiki kadhaa, bomba likawa la moto kila siku, na cha kila siku kilishaacha kuwa habari.

Wakatazama tangi. Kina kinapanda, presha inashuka. Pampu za dharura zilishajiwasha, na ndani ya dakika chache wakaziminya, moja ikazimwa kabisa. Mikono ileile ya Ohio, kwa mafunzo yaleyale; na hao wa Pennsylvania walifundishwa Lynchburg, kwenye chumba cha mfano cha Babcock & Wilcox, ambacho programu yake haikuwekewa tukio la aina hii. Ofisi yenye madokezo ya Kelly na Dunn ilikuwa mji huohuo.

Baada ya saa moja na zaidi pampu kubwa za kuzungusha maji zikaanza kutetemeka, maana zilikuwa zikisukuma mvuke, wakazizima mbili kuziokoa na kisha mbili zilizobaki. Sasa fueli haikuwa na maji yanayotembea. Ilikuwa saa 12:22 asubuhi ndipo mtu aliyeingia kwa zamu mpya, ambaye macho yake hayakuwa yamechoshwa na usiku ule, alipopendekeza wafunge vali ya nyuma. Saa 2 na dakika 22 tangu mwanzo. Kiasi cha nusu ya kiini cha kinu kiliyeyuka.

Siku zilizofuata zinajulikana zaidi. Ijumaa gavana Dick Thornburgh akawashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili tano waondoke. Watu wapatao 140,000 wa eneo lile walifunga mizigo, wengi bila kuambiwa. Jumapili rais Jimmy Carter, ambaye ujanani alipata mafunzo ya nyuklia jeshini, akaja kukitembelea kisiwa kutuliza watu. Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo, na wachunguzi wakasema athari zake kwa afya zingekuwa ndogo mno. Ndani ilikuwa habari nyingine. Julai 1982, kamera iliposhushwa kwa waya, ilipita mahali ambapo fueli ilipaswa kuwa bila kugusa kitu, karibu mita moja na nusu, mpaka ikafika kwenye rundo la kifusi.

Tume ya rais iliyoongozwa na John Kemeny, mwanahisabati na mkuu wa chuo cha Dartmouth, iliwaita watu wa Lynchburg mmoja mmoja na kuwasomea madokezo yao. Maelekezo aliyoyaomba Dunn yalikuwa yameshapelekwa kwa wateja, baada ya ajali. Mwaka 1980 Tume ya Udhibiti ilitangaza kuidai Babcock & Wilcox faini ya dola 100,000 kwa kutotoa taarifa ilizokuwa nazo. Gharama za kusafisha kinu zilifika kama dola bilioni moja. Lakini Tume ya Udhibiti nayo ilikuwa na taarifa ya Davis-Besse kwenye majalada yake tangu 1977, na haikuwaonya wenye vinu vya aina ile. Mwenye kutoza faini hakuwa na mikono myeupe sana.

Davis-Besse iliendelea na kazi. Mwaka 2001 wafanyakazi wake walikuwa na kero moja: vichujio vya vipimo vya mionzi, ambavyo kwa kawaida hudumu wiki kadhaa, viliziba kila baada ya siku moja au mbili kwa vumbi la rangi ya kutu. Wakawa wanavibadilisha. Picha iliyopigwa mwaka 2000 ilionyesha mifereji ya asidi ya boroni iliyokauka juu ya mfuniko wa kinu, nyekundu, na asidi hiyo kwa kawaida ni nyeupe. Wekundu ulikuwa chuma. Tume ilipotaka vinu vya aina hiyo vikaguliwe kabla ya Desemba 2001 kwisha, wenye mtambo waliomba muda, wakakubaliwa kuendelea mpaka katikati ya Februari.

Machi 2002, mafundi wakitengeneza mojawapo ya mirija inayopenya mfuniko, mashine yao ikalala upande, kwa sababu chuma cha kuishikilia hakikuwepo. Asidi ilikuwa imekula shimo la kina cha zaidi ya sentimita 15. Kilichobaki kuzuia presha ya kinu ni bamba la ndani la chuma cha pua, unene wake haufiki sentimita moja, nalo limeshaanza kubinuka. Kampuni yenye mtambo ililipa faini ya dola milioni 5.45 kwa tume, kisha dola milioni 28 ili isishtakiwe kwa kutoa maelezo ya uongo kwa serikali. Waliopandishwa kizimbani wakatiwa hatiani walikuwa wahandisi.

Mfuniko mpya ulinunuliwa kutoka Midland, Michigan, kwenye kinu cha Babcock & Wilcox ambacho ujenzi wake ulikatishwa njiani na hakikuwashwa hata siku moja. Mtambo ukarudi kazini Machi 2004. Mwaka 2010, mwezi Machi tena, wakaguzi wa mtambo waliukuta mfuniko huo nao una nyufa kwenye mirija yake. Safari hii taarifa ilifika kwenye tume kinu kikiwa bado kimezimwa.